Mahali Upepo Haufiki

Bukavu, Nguba, mwisho wa mwezi wa nane

Yaya Guy, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji Gloire, kisha watoto kwa ukubwa wao mpaka yule mdogo ambaye sijamwona bado kwa macho. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limepatana na wewe. Sisi huku tunapumua. Maman anakohoa asubuhi kwa sababu ya vumbi la kiangazi, lakini ikifika mchana anagombana na majirani vizuri kabisa, kwa hiyo sina wasiwasi naye upande huo. Mji uko pale pale ulipouacha, mlima haujashuka bado ziwani, ingawa kila msimu wa mvua unajaribu.

Usishangae kupata barua. Nilikupigia simu, ukakata nilipotaja jina la maman. Nikapiga tena, ukaiacha ilie. Karatasi haina kifungo cha kukatia. Anayekuletea ni Bintu, jirani yetu muuza vitenge, anayeteremkia Uvira ili avuke mpaka kwenu Kalemie, na ameniahidi atakaa hapo mlangoni mpaka usome neno la mwisho. Unamjua Bintu. Kama una kahawa, mpe, maana hataondoka.

Ujumbe wako kwa Tonton Léopold, mzee wa jamaa, umefika kijijini Miti, naye ameupokea kama amri. Sanduku limekwisha kuchongwa. Mgomba amekwisha kuuchagua nyuma ya nyumba, ule ulionyooka, na anauzungukia kila asubuhi kama mtu anayetafuta ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyekusema vibaya, yaya. Wewe ndiye mkubwa tangu papa alipoondoka, na uliyoyasema ni ya haki: tangu ile boti ya mbao ya Minova ipinduke na vitunguu vyake na ndugu yetu Fabien ndani, hiki ni kiangazi cha tatu, na hatujapata mwili. Kwetu mtu asiyeonekana anazikwa kwa mgomba. Shina linafungwa sanda, linalazwa kwenye sanduku, abbé, padri wetu, anaomba, watu wananyoa, kilio kinaondoka. Kilio kisipoondoka maman hawezi kuvaa kitambaa cha rangi, nyumba haiwezi kupokea sherehe, na mtoto wako hawezi kuletwa kwa bibi yake, kwa sababu mtoto mchanga haingizwi kwenye nyumba ya kilio. Najua hilo ndilo linalokuuma, hata kama uliandika kuhusu heshima ya jamaa.

Na jibu la maman unalijua. Alilisema mbele ya Tonton Léopold, bila kupandisha sauti: “Ile mugomba ilikuwa mu shamba, siku mutoto yangu alikuwa mu maji. Haijue kitu. Sitaizika.”

Nayarudia haya unayoyajua kwa sababu naona kila mtu katika jamaa anaianza hadithi hii mahali pake. Wewe unaianzia kwenye sanduku. Mimi naomba nianzie kwenye upepo. Nivumilie, si mbali.

Kazi yangu ni ile ile ya kuendesha boti ya watu wanaopima ziwa. Wanawake wa kando ya maji hawajachoka kunicheka. Bintu mwenyewe aliniuliza kama ni kweli nalipwa kwa kutazama maji machafu, na niliposema ndiyo, akaniambia nije kwake, ana beseni zima na anakubali nilitazame bure. Mkubwa wetu wa kazi ni ingénieure Mélanie, mwanamke mfupi, hasemi sana, na kila kitu anakishusha majini kwa kamba: kipimajoto, chupa zinazojifunga zenyewe kule chini, na sahani moja nyeupe ambayo kazi yake ni kupotea tu. Ukiishusha, unaangalia inapotelea wapi. Hapo unajua maji yamejaa nini. Mimi shule ilinikimbia mapema, lakini mshika usukani hana la kufanya boti ikisimama, basi nasikiliza. Kuna na kitabu alichokisahau chini ya kiti. Nilichelewa kidogo kukiona, mpaka nilipokimaliza.

Nilichoelewa ni hiki. Msimu wa mvua ziwa linalala. Jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na hayachanganyiki. Sahani inaonekana mbali sana chini. Mtu anayepita anasema ziwa ni zuri, kumbe lina njaa, kwa sababu chakula chote kimezama. Halafu mwezi wa sita unakuja na ule upepo wa kusini, mkavu, unaopasua midomo. Unapiga maji, unayapoza, ya juu yanakuwa mazito yanashuka, na ya chini yanapanda na mbolea yake. Hapo ziwa linaota majani. Si majani ya kukata na panga. Ni madogo hata jicho haliyaoni, na mengine yana ganda kama la kioo. Ingénieure anayaita phytoplancton, jina refu kuliko kitu chenyewe. Yakizidi, maji yanageuka kijani na sahani inapotea mapema, kabla hujamaliza kukaa vizuri. Wadudu wanakula majani, sambaza, wale dagaa wetu, wanakula wadudu, na sisi tunakula sambaza na bugali tukimshukuru kila mtu isipokuwa upepo.

Wavuvi hawana muda wa maneno marefu kama yangu. Wao wanasema tu: kiangazi ziwa linajigeuza.

Neno hilo maman alilisikia sokoni, akalichukua nyumbani, akalitunza. Hakutuambia. Mwaka jana, maji yalipoanza kuwa ya kijani, nilimwona ameketi kwenye mawe ya chini, karibu na pale tunapofunga boti, na kitenge kipya kimekunjwa juu ya mapaja. Nilidhani anapunga hewa. Kesho yake nilimkuta tena, na siku iliyofuata. Nilipomuuliza kitenge ni cha nini, alinijibu kana kwamba nimeuliza kama mvua inalowesha: cha kumfunika Fabien, kwa sababu mtu hawezi kutoka majini mbele za watu bila kitu. Ziwa likijigeuza, litamtoa. Alikuwa anautegemea upepo, yaya. Upepo ukipoa alirudi nyumbani amekasirika, ukivuma alishuka mbio na kile kikohozi chake. Ndiyo maana hakutaka mgomba. Utazikaje shina la mgomba, wakati mwenyewe yuko njiani?

Na mimi, ninayejifanya najua upepo, nilinyamaza. Niliyoyasoma yalikuwa upande wake.

Mwaka huu upepo umekuja na nguvu. Mwanzoni mwa mwezi wa nane tulikuwa upande wa Ishungu, maji ya kijani mpaka yanatisha, ingénieure anafurahi kwa namna yake, yaani anaandika haraka zaidi. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza: mkono wa upepo unafika wapi? Unashika mpaka sakafu? Aliniangalia. Alijua habari za Fabien, Bukavu ni ndogo kwa mambo ya namna hiyo. Akanieleza polepole kwamba ziwa hili halifanani na mengine. Ni kama nyumba ya ghorofa isiyojengwa ngazi. Upepo ni mpangaji wa juu. Anahamisha viti, anapiga kelele, anafagia vyumba vyake vyote mpaka kwenye sakafu yake, lakini ufunguo wa chini hana. Kule chini maji ni mazito kwa chumvi na gesi, hayana pumzi, na hayapandi, si kiangazi hiki wala kile alichozaliwa babu yetu. Kilicholala kule kimelala. Na mahali boti ilipopinduka, alisema, akiangalia kando, ni chini sana, chini kabisa kupita pale upepo unapofika.

Niliendesha boti kurudi kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Kila asubuhi maman alishuka na kitenge, kila asubuhi nilimsalimia na kupita. Nilijiambia kwamba ukweli unaomnyang'anya mama mtoto wake mara ya pili unaweza kungoja mvua. Lakini kikohozi kilizidi, na ujumbe wako ukafika Miti, na Tonton akaanza kunoa panga.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, nilimkuta anachambua maharagi uani. Nikakaa kwenye kigoda cha papa, ambacho unajua hakinipendi, kinalia kila nikikikalia, nikamweleza yote: nyumba, ghorofa, ngazi isiyokuwepo, funguo. Sikupamba. Alichambua mpaka nikamaliza. Aliuliza kama ni mimi ninayesema au ni ule mwanamke wa kamba. Nikasema ni yeye, na vipimo vyake. Akauliza kama Fabien yuko kule chini ya chini kweli. Nikasema ndiyo. Nilingoja alie, nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Hakulia. Alishika maharagi machache kwenye kiganja, akayaangalia, akauliza:

“Na samaki, inafikaka kule?”

Nikamwambia hapana. Kule hakuna pumzi. Samaki akishuka anakufa kabla hajafika.

“Hata ile midogo? Hata sambaza?”

“Hata moja, maman. Hata mududu.”

Akaliweka sinia chini. Yaya, unakumbuka kwamba yeye aliyetulea kwa kuuza sambaza hajaziweka mdomoni tangu siku ile, wala hazijavuka mlango wetu. Abbé Déogratias alidhani ni nadhiri. Wewe ulisema ni kulikasirikia ziwa. Mimi nilidhani ni harufu inayomkumbusha soko na Fabien akimbebea beseni. Tulikuwa wanaume watatu wenye majibu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Akaniambia, akiangalia ukuta:

“Miaka mbili ninaona batu banakula, ninafunga macho. Ninasema, hawa banakula mutoto yangu. Na ule anauzisha, ni mutoto yangu anauzisha kwa beseni. Nilikuwa ninaogopa kuwaambia, mutaacha samaki, mutakufa na njaa.”

Nilikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza kilinyamaza.

Kisha alianza kuuliza tena, lakini sasa kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Kule kuna mawimbi? Hakuna. Kuna mwanga? Hakuna. Nyavu za wavuvi zinafika? Hazifiki. Kuna kitu kinachopita? Nikasema kwa kadiri ninavyojua, hakuna kinachopita. Akafikiri, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

“Basi ile ni kaburi,” akasema. “Alishaingia mu kaburi yake siku ile ile. Ni sisi tulikuwa hatujue.”

Jioni alikwenda mwenyewe kununua sambaza, akaleta ndoo ndogo, akazikaanga na nyanya na pilipili kama zamani. Alikula polepole, kichwa na mkia, akilia na kutafuna pamoja. Mimi niliangalia bugali yangu. Zilikuwa na chumvi nyingi, lakini si siku ya kulalamika.

Siku zilizofuata hakushuka tena mawe yale. Nilidhani sasa atakubali mgomba wako, na nilikuwa tayari kukupigia. Ndipo aliponiita akasema ana jambo. Mgomba bado hautaki. Lakini mtu akifa mbali, na mwili ukawa hauwezi kuletwa, alisema, watu wanaleta udongo wa pale alipolala, na udongo huo ndio unazikwa. Fabien hakulala kwenye udongo. Amelala kwenye maji yasiyotoka. Je, ile chupa ya yule mwanamke, inayojifunga kule chini, haiwezi kuyaleta?

Sasa ninafika kwenye sehemu ambayo nimeizunguka tangu salamu, na naomba uisome ukiwa umekaa.

Sikumwomba ingénieure ruhusa. Nilijua kazi yake ina kituo chake cha kupimia, na boti haizungushwi ziwani kwa ajili ya kilio cha dereva. Kwa hiyo asubuhi moja ya ukungu niliuvuta usukani kidogo, halafu kidogo tena, mpaka tukapita kituo na kufika pale wavuvi walipookota magunia ya vitunguu. Nilizima mota nikaanza kujishughulisha na kamba ambayo haikuwa na shida yoyote. Ingénieure Mélanie aliangalia kile kifaa chake kinachosema uko wapi. Akaniangalia mimi.

“Placide, hapa siyo kituo chetu.”

“Ndiyo, ingénieure.”

Nilianza kutafuta kazi nyingine kichwani, labda ile ya beseni la Bintu. Kisha akaanza kufungua kamba, kamba yote, hata ile ya akiba.

“Basi tushushe mpaka chini,” akasema.

Ilichukua muda mrefu kushuka na muda mrefu zaidi kupanda. Maji yalipotoka yalichemka kama limonade, na yalinuka yai bovu. Ingénieure alinionyesha jinsi ya kulegeza mfuniko mpaka gesi itulie, la sivyo chupa ingepasuka, na kwa kweli jamaa yetu imekwisha kupata ajali za kutosha. Yakitulia ni maji tu. Hayana rangi. Hakuandika kitu chochote siku hiyo, na hajanisema mpaka leo.

Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo. La pili linakuhusu. Niliporudi nilipanda Miti, nikamwambia Tonton Léopold kwamba wewe umekubali. Nikasema umeniambia kwa simu, kwa sauti yako ya mtoto wa kwanza, kwamba mgomba usimame na maji yazikwe mahali pake. Tonton aliuliza mara ngapi umelisema, nikajibu ulilirudia. Akaweka panga juu ya dari. Nilikwenda pia kwa abbé Déogratias, na kwake nilitumia jina lako. Alikuna kidevu kwa muda mrefu, kisha akasema hajawahi kusikia kanisa likikataa maji, na atakuja. Kwa hiyo sasa Miti nzima inakusifu kwa hekima ambayo hujawahi kuwa nayo. Ungeniuliza kwa nini sikungoja ruhusa yako. Kwa sababu ungekata simu. Ukitaka kukataa, bado una nafasi, lakini itabidi umkatalie maman mwenyewe, ana kwa ana, na sikuonei wivu.

Ameichagua Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Sanduku litakuwa lile lile, ni zuri na Tonton angeumia likibaki. Kitenge kile kitafunika chupa. Baada ya maziko watu watanyoa, na jioni maman atavaa nguo ya rangi, ameshaishona, ya njano, ina maua makubwa ambayo hata sisi hatukuyategemea. Mlete mtoto. Ameniagiza nikuandikie hivyo kwa maneno yake: “Mwambie Guy alete mujukuu yangu, nyumba itakuwa imefunguliwa.” Na amesema wewe ndiye utakayebeba chupa kutoka hapa mpaka Miti, si mimi, kwa sababu ni kazi ya mkubwa, na kwa sababu ananijua mimi na mambo ya usukani.

Msalimie Gloire sana, mwambie kitenge alichotuma kimefika na maman amekipiga mkunjo bila kukilaumu, ambayo kwake ni sifa. Wabusu watoto. Abbé anakusalimu, Tonton anakusalimu kwa unyenyekevu ambao utakushangaza. Mpe Bintu jibu mkononi, neno moja linatosha.

Chupa iko juu ya kabati, kwenye chumba cha maman. Ingénieure aliniambia maji ya kule ni mazito kuliko yetu ya juu, lakini kwa kipande kidogo tu, mkono wa mtu hauwezi kukisikia. Siku niliyoileta nilimpa maman aishike. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akasimama hivyo muda mrefu, kisha akaniambia ni nzito. Sikubishana naye.

Mdogo wako anayekupenda,

Placide